Shajara ya misheni Nakivale, likizo ndefu ya 2025

Juni 28, Dodoma

Michango imefungwa leo. Kilichopatikana kinatosha nauli, chakula chetu, posho kidogo ya wakalimani na akiba ya matibabu. Hakikubaki cha kununua jezi wala spika, na kamati imeamua tusipitishe bahasha tena. Naafiki kabisa.

Kwa anayeanza kutufuatilia sasa: sisi ni wanafunzi wa vyuo vya hapa Dodoma, pamoja na mlezi wetu, mchungaji mstaafu tunayemwita Babu. Likizo ndefu ya mwaka huu tunaitumia Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Ni makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Makanisa manne ya Wakongo na Warundi yalituandikia mwaka jana yakiomba jambo moja, tukae na viongozi wao wa vijana tuwafundishe kuongoza vikundi vidogo vya kujifunza Biblia. Hawakuomba mkutano wa injili. Hawakuomba nguo za mitumba. Barua yao nimeibandika ukurasa wa kwanza wa daftari hili, na kila wazo jipya linaloletwa na mtu wa kwetu tunalipima kwa barua hiyo kwanza.

Pasipoti ziko tayari, kadi za chanjo ya homa ya manjano pia. Ruhusa ya kuingia imetoka Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, maana ndiyo inayosimamia makazi yote ya wakimbizi nchini humo. Kila mmoja wetu ametia saini kanuni za kukaa na watoto: hakuna kupiga picha za watoto, hakuna kukaa na mtoto peke yenu chumbani, na hakuna kumwahidi mtu yeyote safari, ada wala mfadhili.

Julai 3, Mutukula

Tumelala Bukoba, tumevuka asubuhi. Kyaka tulipita juu ya mto Kagera, na Babu akatuonyesha mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalibomoa daraja mwaka 1978. Alikuwa kijana wakati huo, ana mengi ya kusema kuhusu vita ile. Lakini alichosisitiza ni kingine: miaka ya 1940, kabla ya hayo yote, Festo Kivengere alitoka Kigezi, Uganda, pamoja na mkewe akaja kufundisha shule Dodoma, akakaa zaidi ya miaka kumi, kisha akarudi kwao akawa askofu. Wapo wazee wa Dodoma waliompokea Kristo kupitia mwalimu wa Uganda. Babu anaiona safari yetu kuwa malipo ya deni, na tangu aliposema hivyo nimeanza kuiona hivyo na mimi.

Mpakani hatukuchukua muda. Masaka, Mbarara, halafu vumbi.

Julai 8, Nakivale

Hapa ni vilima vilivyokauka, ziwa upande mmoja, ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wakipita katikati ya nyumba za udongo. Mvua hazitarajiwi hadi Septemba. Mahindi na maharage yamekwisha vunwa, na kila familia iliyopewa kiwanja cha kulima sasa inahesabu debe ngapi zimebaki, kwa sababu mgao wa chakula umepunguzwa sana miaka hii na wengi wameondolewa kabisa kwenye orodha.

Tumefikia kijiji kinachoitwa New Congo. Mchungaji mwenyeji na Mama Mchungaji wametupa nyumba ya kanisa, wanaume chumba kimoja, sisi wasichana kingine. Jioni ya kwanza walitupikia sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo. Nilipotaka kuingia jikoni kusaidia, Mama Mchungaji alinizuia (yaya kwao ni dada): "Hapana, yaya. Leo muko wageni. Kesho utapika mpaka uchoke." Kesho yake kweli nilipika.

Tulipeleka barua zetu kwa kamanda wa makazi, tukajitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaenda kusalimia viongozi wa makanisa yote manne kila mmoja kwake. Kazi ya siku nzima. Babu alikataa tufupishe, nami naona alikuwa sahihi, maana kila nyumba tuliyoingia tulipata habari iliyokuja kubadili ratiba yetu. Mmoja alitwambia asubuhi vijana wako mashambani kusafisha ardhi kwa ajili ya kupanda. Mwingine akatukumbusha kwamba shule za Uganda zinafunga muhula wa pili karibu na Agosti 22, kwa hiyo kambi ya vijana haiwezi kuwa Julai kama tulivyodhani tukiwa Dodoma. Basi mafunzo ni saa kumi jioni, na kambi ni mwisho wa Agosti.

Julai 15

Mafunzo yameanza. Wamekuja viongozi kumi na wawili, kila kanisa watatu. Wengi wana kati ya miaka kumi na tisa na ishirini na tano. Wametoka Fizi, Uvira, Minembwe na Rutshuru kule Kongo, na Bujumbura kule Burundi. Wawili wamefika mwaka huu huu baada ya Goma kutekwa mwezi Januari. Walipitia kituo cha mapokezi cha Nyakabande, Kisoro, kabla ya kuletwa hapa.

Njia tunayofundisha ni nyepesi. Kifungu kisomwe mara mbili kwa sauti. Mtu mmoja akieleze kwa maneno yake, Biblia ikiwa imefungwa. Halafu maswali matatu: kifungu kinasema nini, kinatufundisha nini kuhusu Mungu, na wiki hii nitafanya nini kwa sababu ya nilichosikia. Kazi ya kiongozi ni kuuliza na kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Vijana hawa wamekulia katika makanisa yenye wahubiri wa moto, na kila aliyepewa zamu ya kuongoza alisimama, akapandisha sauti, akahubiri. Wanahubiri vizuri sana, jambo lenyewe halina ubaya. Lakini kikundi cha watu wanane kikihubiriwa, saba wanaondoka bila kusema neno. Tulijaribu kuwaelekeza kwa maneno, haikusaidia. Aliyelitatua ni msimamizi wa korali, dada wa Uvira. Alitoka nje, akarudi na gunzi la mahindi, akasema: mwenye gunzi ndiye anaongea, na kiongozi haruhusiwi kulishika zaidi ya mara moja mpaka limzunguke kila mtu. Wakaketi kwenye mikeka. Gunzi likafika kwa kijana wa Kirundi ambaye tangu Jumatatu hakuwa amefungua kinywa. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akalikwaruza kwa kucha mahali palipobaki punje moja. Watu wakasubiri. Mwishoni akasema habari ya mwana mpotevu inamsumbua, kwa sababu yule mwana alikuwa na nyumba ya kurudi. Hakuna aliyehubiri baada ya hapo. Walikaa na lile neno mpaka jua likazama.

Gunzi sasa limo katika mwongozo wetu. Nimeliandika kama kanuni.

Julai 21

Mwenzetu mmoja ana malaria. Amepimwa kituo cha afya, amepewa dawa, anakunywa uji. Chandarua chake kilikuwa na tundu. Tumevikagua vyote usiku huu.

Julai 27, Jumapili

Ibada ya saa nne hadi saa nane. Korali tatu, wakalimani wawili, Kiswahili kwenda Kirundi na Kinyarwanda. Babu alihubiri kwa ufupi, jambo lililowashangaza wenyeji.

Alasiri tulikaa na vijana kuzungumzia watu wa umri wao waliobeba injili katika nchi hizi. Wengi wanafahamu habari za Mashahidi wa Uganda, wale wasaidizi wa ikulu waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kizito alikuwa bado mvulana mdogo. Habari ambayo hawakuwa wameisikia ni ya Dallington Maftaa. Mvumbuzi Henry Stanley alipoondoka kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, alimwacha huko kijana huyo, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa shule ya misheni Zanzibar, ili amfundishe Kabaka Maandiko. Miaka miwili kabla ya wamisionari wa Kizungu kufika Buganda, mwalimu wa Biblia katika ikulu ile alikuwa kijana wa Kiafrika asiye na ukoo wala nchi ya kurudi.

Na Apolo Kivebulaya, huyu nilimwachia kijana wa Ituri amweleze mwenyewe, kwa kuwa kwao wanamjua tangu utotoni. Apolo alitoka Uganda mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga, Kongo. Chifu Tabaro aliamuru apigwe na kufungwa. Baadaye chifu huyo huyo akabatizwa. Apolo alifia Mboga mwaka 1933 na kaburi lake liko huko. Kijana alimaliza hivi: "Uganda ilitutumia mutu mumoja na Neno. Sasa sisi tumekuja wengi. Tusikuje mikono mitupu."

Nimeandika sentensi hiyo kubwa kwenye karatasi na kuibandika ukutani nyumbani kwetu. Mimi ndivyo ninavyoamini kuhusu kazi hii: kijana mkimbizi hakuumbwa kuwa mtu wa kuhurumiwa na wageni wa likizo. Ameitwa, kama mimi nilivyoitwa, na pengine kwa wito mzito zaidi.

Agosti 4

Jana vikundi vimefikia Yeremia 29, barua ya nabii kwa watu waliochukuliwa uhamishoni Babeli. Jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji mliopelekwa. Nilikuwa mtazamaji tu. Aliyeongoza ni katibu wa vijana wa kanisa la pili.

Kimya mwanzoni. Halafu kijana mmoja, fundi wa simu pale sokoni, akaomba gunzi. Alisema fungu la kumi hatukulisoma kwa makini: Mungu anasema atawarudisha baada ya miaka sabini. "Mimi nina miaka makumi mbili na mbili. Nilifika hapa nikiwa na saba. Ukijumlisha sabini, nitarudi nikiwa muzee wa kubebwa, ao nitarudi katika sanduku. Hii barua inanipa tumaini gani?"

Katibu hakujibu, na hapo nilimshukuru Mungu, kwa sababu mwezi uliopita angejibu kwa dakika ishirini. Gunzi likapita. Mwingine akasema babake amekataa kupanda hata mti mmoja wa parachichi kwenye kiwanja chao tangu wafike, kwa kuwa mti ni kukubali kwamba hamuondoki. Mwingine akasema mama yake alipanda, na sasa wanauza matunda sokoni, lakini kila akiyaona yanamuuma. Kisha dada mmoja wa Minembwe akaomba turudi fungu la tano tulisome tena. Tukasoma. Akasema: "Angalieni. Hakusema pandeni bustani tu. Alisema mukule matunda yake. Mungu hakutaka wakae na njaa miaka yote wakingojea basi." Fundi simu akamuuliza kama yeye amepanda nini. Akasema vitunguu, na nyanya, nyuma ya nyumba.

Mjadala ulikwenda hadi giza. Hawakukubaliana. Fundi simu aliondoka akiwa bado anapinga, lakini jioni hii nimemwona kwenye mazoezi ya kikundi chake, naye ameomba kuongoza kifungu kile kile Jumapili ijayo. Sijui somo gani la Biblia nimewahi kukaa ambalo lilibeba uzito kama huo. Darasani kwetu Yeremia 29 ni fungu la kumi na moja peke yake, lile la mawazo ya amani, tunaliandika kwenye kadi za mahafali. Hapa wanaanza na fungu la kwanza, na wanajua ni barua iliyoandikwa kwao.

Agosti 12

Tatizo lililonisumbua wiki hizi: wasichana hawatoshi. Saa kumi jioni ndiyo saa ya maji na ya kuwasha moto. Foleni ya bomba wakati huu wa kiangazi ni ndefu, na msichana akichelewa nyumbani anagombezwa, tena kwa haki, maana watoto wamelala njaa wakimngoja.

Kwenye kikao chetu wenyewe kulikuwa na mapendekezo mengi, ikiwemo kuhamishia darasa la wasichana asubuhi ya Jumamosi. Mama Mchungaji akasikiliza yote halafu akasema maji yana miguu minne, miwili ya wasichana na miwili ya wavulana. Siku ya pili aliwaita vijana wa kiume wa makanisa yote manne. Sikuwepo kwenye kikao hicho. Ninachojua ni kwamba Jumatano mchana wavulana walifika bombani na baiskeli, kila moja imefungwa madumu manne ya njano kwa mipira ya tairi, wakapanga foleni mapema, wakapeleka maji nyumba kwa nyumba. Wazee waliokuwa chini ya mti waliwacheka. Kina mama hawakucheka. Mmoja alisimama mlangoni akamtazama kijana aliyeteremsha madumu, akamwambia, "Ubarikiwe, mtoto wangu," kisha akamgeukia binti yake: "Na wewe, enda kwa Mungu."

Wiki hii wasichana wamekuwa wengi kuliko wavulana. Hakuna kitu tulichokileta kutoka Dodoma kilichozidi hili.

Agosti 18

Leo nimeulizwa tena, na mama mwenye watoto watano, kama naweza kumwandikia jina lake kwa wale wanaopeleka watu Kanada. Tunaulizwa hivi karibu kila siku. Tumekubaliana jibu moja: hatuna uwezo huo, hatumjui mwenye uwezo huo, na yeyote anayedai pesa kwa ajili hiyo ni mwongo, kwa kuwa kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi. Kisha tunaomba naye, kama anataka. Kusema hapana kwa mtu wa namna hii kunaumiza. Lakini nimeona wageni wengine wakipita hapa wanasema "tutaona", na neno hilo watu hulishikilia kwa miaka. Ni ukatili, hata likisemwa kwa upole.

Kuhusu zawadi: ndugu zetu Dodoma wametuma ujumbe wakiuliza watume nini. Tafadhali, msitume nguo. Tunahitaji Biblia za Kiswahili na za Kirundi, na zitanunuliwa Mbarara, si kubebwa.

Agosti 31

Kambi imekwisha jana. Shule zilipofunga, vijana waliosoma bweni Isingiro na Mbarara nao walirudi, na uwanja wa kanisa ukajaa. Tulikuwa tumepanga chakula kwa mia moja na ishirini, tukalisha zaidi, kwa sababu korali ya wamama ilileta maharage yao wenyewe na posho, yaani ugali wa mahindi, ikasongwa mara mbili.

Asubuhi masomo katika vikundi, vyote vikiongozwa na wale kumi na wawili. Mchana mpira; Warundi wametufunga, sina cha kuongeza. Jioni shuhuda. Hatukurekodi wala kupiga picha usiku huo, na nilichosikia siandiki hapa. Vijana wengine walieleza mambo waliyoyaona njiani, mara ya kwanza mbele ya watu. Wachungaji wenyeji na Mama Mchungaji walikaa mstari wa mbele na baada ya ibada kila aliyesema alisindikizwa na mtu mzima wa kanisa lake, si na sisi. Hilo tulilipanga mapema. Mtu akifungua kidonda chake mbele ya mgeni atakayepanda basi wiki ijayo, nani atakiosha mwezi wa kumi?

Ishirini na watatu wameomba ubatizo. Wataingia darasa la mafundisho na wachungaji wao, na watabatizwa ziwani hapo watakapokuwa tayari. Sisi tutakuwa tumeshaondoka. Iwe hivyo.

Ijumaa usiku fundi simu aliongoza maombi ya mji. Aliomba kwa ajili ya Isingiro, majirani Wanyankole waliotoa ardhi, mwenyekiti wa kijiji kwa jina lake, wauguzi wa kituo cha afya. Aliomba kwa ajili ya mvua. Kongo aliitaja mwishoni, kwa sauti ya chini, na watu wote wakaitikia kwa pamoja.

Septemba 6

Makabidhiano. Daftari la mahudhurio, mwongozo wa masomo hadi Desemba (Ruthu, Nehemia, kisha Luka sura za mwanzo), mikeka na mpira mmoja uliobaki mzima viko kwa kamati ya vijana ya makanisa manne. Mwenyekiti wao ni yule dada wa korali. Fedha iliyobaki imenunua Biblia; za Kiswahili zimefika, za Kirundi zinangojewa dukani Mbarara na risiti anayo katibu. Hesabu zote zimesomwa mbele ya wachungaji na nakala tunarudi nayo Dodoma.

Sisi tutapiga simu kila Jumapili ya pili ya mwezi. Mwaka ujao tutakuja ikiwa kamati itatuandikia, na kwa kazi watakayoitaja wao.

Mvua imenyesha usiku wa kuamkia jana, na asubuhi nusu ya viongozi hawakuja kutuaga kwa sababu walikuwa wanapanda maharage. Kikao chao cha kwanza bila sisi ni Jumamosi Oktoba 4, kanisani New Congo. Ajenda wameiandika wenyewe na ina jambo moja: kuanzisha kikundi cha tisa katika kijiji walikowekwa waliofika mwaka huu kutoka Goma, na nani atakwenda huko kila wiki.